Mwisho wa Filamu Naujua Mimi

Jumatatu, 5 Agosti 1968. Rumonge.

Nimechoka. Nimenyoa vichwa kumi na kimoja, na vyote vilizungumza habari moja tu: filamu ya Jumapili. Ya Kihindi, inaitwa Pete Mbili. Itaonyeshwa saa tisa alasiri katika depo ya mawese ya Modeste, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mikeka. Na atakayesimama kando ya pazia kutueleza Wahindi wanasema nini ni Aruna tena. Fundi cherehani! Mwaka wa sita huu. Mimi miaka yote hiyo kazi yangu kutundika pazia tu. Sauti ninayo, maneno ninayo, aulizwe yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti changu. Alichonacho Aruna ni karatasi. Inatoka Bujumbura kwa mwenye filamu, imepigwa taipu kwa Kifaransa, na hadithi imo humo. Nikiisoma karatasi, nitakuwa sawa na yeye.

Modeste ametangaza kwamba atakayetoa siri ya filamu kabla ya siku hatakanyaga tena depo yake. Mara iliyopita mtu alisema mwisho, nusu ya mji ikabaki nyumbani. Mara iliyopita nilisema kidogo tu.

Jumanne, 6 Agosti.

Aruna alikuja kunyolewa ndevu. Koti akalitundika msumarini. Nikampaka sabuni mpaka kwenye nyusi na kumwambia afumbe macho. Nikaichomoa karatasi mfukoni mwa koti, nikasoma. Kifaransa changu ni cha madarasa matatu, lakini kilitosha. Mapacha wametenganishwa na mafuriko, kila mmoja na pete yake. Mmoja amekuwa hakimu, mwingine mwizi. Mama yao amepofuka kwa kulia. Mwizi anakamatwa, analetwa mbele ya hakimu, hakimu anainua mkono atoe hukumu. Basi. Chini wameandika kwamba yaliyobaki yataonekana kwenye pazia. Ukurasa wa pili haumo. Nina hakika Aruna ameuficha nyumbani, mjanja yule. Aliniuliza kwa upole mbona sabuni inamkaukia.

Jumatano, 7 Agosti.

Alikuja mkwezi wa michikichi kutoka Kizuka. Akasema safari hii hakuna mtu hata mmoja anayejua mwisho. Nikasema mimi naujua. Sikuujua. Lakini wembe uko mkononi, mtu ametulia, ananingoja. Nikamtungia. Hakimu anaamuru mwizi anyongwe. Mama anaisikia sauti ya mwanawe akipitishwa sokoni, anamkimbilia akipapasa kuta, anafika kamba imeshamaliza kazi. Pete inaanguka miguuni pake. Mkwezi akalia. Kumnyoa mtu anayelia ni taabu, nilimkata kidogo sikioni. Aliapa hatamwambia mtu.

Alhamisi, 8 Agosti.

Mwisho wangu umefika Minago na umesharudi. Umerudi umenenepa: mama naye amekufa, na hakimu amejitupa mtoni. Mke wangu Kabibi alinisimulia wakati wa chakula huku akijifuta macho. Nilitamani sana kumwambia kwamba ni wangu. Anasema wanawake wa mtaa hawaendi, maana ya kulia wanayo nyumbani.

Mchana Modeste akaingia, hata kofia hakuvua. "Amuri, iko mutu ametoa mwisho wa filme yangu. Karatasi iko kwa nani?" Nikasema iko kwa Aruna. Si uongo. Akauliza kama Aruna huwa anaongea. Nikasema duka la cherehani halikosi watu. Hilo nalo si uongo. Kufika alasiri Aruna alikuwa ameondolewa, na pazia nimepewa mimi. Nilifurahi kwa muda wa saa moja hivi. Kisha nikakumbuka kwamba mwisho wa kweli siujui.

Ijumaa, 9 Agosti.

Baada ya sala Aruna alinifuata. Nilidhani anakuja kunipiga. Akanisalimu vizuri na kunipa karatasi kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwuliza ukurasa wa pili uko wapi. Akasema hakuna, wala haujawahi kuwapo. Mwenye filamu huikata hadithi makusudi ili watu waje. Hata yeye mwisho huuona siku ileile, pamoja na sisi. Nikamwuliza sasa huwa anaeleza vipi. Akasema alifanya kazi miaka tisa katika duka la Mhindi kule Ujiji, Kihindi anakisikia.

"Na wewe ndugu yangu, ulijifunza wapi?"

Nikasema huku na huku. Naona haya. Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kusema.

Jumamosi, 10 Agosti.

Léonard, dereva aliyeleta filamu, alikwisha kuiona Bujumbura. Nilimnyoa, nikampaka marashi, nikamwomba mwisho. Akasema alilala baada ya wimbo wa nne. Nikamwuliza wimbo huo ulikuwa wa furaha au wa huzuni. Hakumbuki. Akasema murakoze kwa marashi na kwenda zake.

Jumapili, 11 Agosti.

Depo ilijaa. Hata wale wanawake walikuja, Kabibi mbele yao na kitenge kipya. Mpaka hakimu anainua mkono, mambo yalikuwa mazuri mno. Watu kimya, sauti yangu inafika hadi kwenye mapipa ya nyuma. Miaka sita nimeingoja saa hiyo.

Kisha karatasi ikaisha. Nikashika mwisho wangu, nilikuwa na upi mwingine? Nikasema sasa mwizi anapelekwa kunyongwa. Kwenye pazia mwizi na hakimu wakakumbatiana. Nikasema wanaagana. Wakaanza kucheza, na wasichana thelathini nyuma yao. Nikasema ndivyo kwao wanavyomsindikiza mtu wa kunyongwa. Mama akafumbua macho, akaona, akacheka, bibi harusi wa mwizi kando yake. Nikasema amekufa, hapo yuko peponi. Mwanamke mmoja akataka kujua bibi harusi amefikaje huko.

Aruna alikuwa benchi la tatu, amekata tiketi kama watu wengine. Jirani yake akamwuliza kitu, naye akajibu kwa sauti ya chini. Benchi la mbele wakatega masikio. Kisha la nyuma. Ndani ya wimbo mmoja depo nzima ilikuwa inamsikiliza yeye, wanacheka pale pa kucheka. Mimi niliendelea kusema, kwa sababu kunyamaza kungekuwa kukubali.

Hapo mkwezi wa Kizuka akasimama, bila ubaya wowote, anataka kujua tu. "Kinyozi, ile siku kwa kiti yako ulisema wanamunyonga uyu. Sasa anaoa. Kamba iko wapi?"

Modeste alikuwa mlangoni. Alisikia kila neno.

Jumatatu, 12 Agosti.

Nimefungiwa depo. Hata kutundika pazia sitatundika. Aruna amerudishiwa nafasi yake mbele ya watu wote, na Modeste amemwomba radhi. Kabibi haongei nami ila mambo ya chumvi na kuni. Anasema alimlilia siku tatu mtu ambaye hakufa.

Asubuhi nilikwenda kwa Aruna kuomba msamaha. Akasema alinisamehe tangu Alhamisi, wakati hata hajajua kwa hakika, maana nani mwingine angekuwa. Akanishonea kifungo cha shati kilicholegea na kukataa kulipwa. Afadhali angenipiga. Nikaapa njiani: habari za filamu basi, mpaka naingia kaburini.

Alasiri alikaa kitini mtu wa Nyanza-Lac. Akasema amesikia kuna filamu nyingine inakuja Septemba, hata jina halijafika. Nilinyoa shavu zima la kushoto nimenyamaza. Lakini nilipofika kidevuni nilianza kuona kwamba kosa langu lilikuwa ile huzuni. Watu wamechoka, hawataki kamba. Nikamwambia hiyo ya Septemba inaisha kwa harusi. Alifurahi sana, mtu wa watu. Kilichobaki sasa ni kutafuta nani anaoa.