Malalamiko Kuhusu Mazishi ya Kidole Changu cha Mguu

Kwako Dada Kararaina, Mwenyekiti wa Kamati ya Marae, uwanja wa mikutano wa ukoo wetu,

Najua ningeweza kukuita tu hapo dirishani, na kwamba wewe ndiye uliyenibeba mgongoni. Lakini leo nakuandikia kwa cheo chako, maana jambo lenyewe ni zito na mimi nimechoka.

Kama kamati yako inavyojua, kisukari kimenila kidole gumba cha mguu wa kulia, na daktari anasubiri kuona kama kidonda kitafunga au mguu wenyewe utafuata. Hospitali walinipa mshauri wa ustawi, binti mpole wa mjini. Akaniambia ustawi ni mtu kujitunza mwenyewe, kupata utulivu, kuwa na muda wake. Nilimpenda papo hapo. Nikajiandaa kurudi nyumbani kustawi, na haya ndiyo mliyonitenda:

1. Kidole kilikuwa changu. Nilitarajia hospitali wakitupe wanakotupa vitu vyao, yaishe. Nyinyi mkaja na msafara wa magari kukipokea! Muuguzi alipotokeza na kikopo, Shangazi Pirihira akakiita kidole kwa kilio cha kupokea maiti, palepale kwenye korido, hadi mgonjwa wa chumba cha pili akadhani amekufa yeye. Mkakizika makaburini kwetu, kando ya Baba. Hotuba zikakisifu kwa mabao yote ya raga kiliyofunga. Mimi niliyekuwa nacho miaka yote hiyo, hakuna aliyenitaja. Na chakula kilipoiva, nikaambiwa viazi vitamu si vya wagonjwa.

2. Naishi peke yangu kwa hiari. Mmenihamishia jumba la mikutano hapo marae, mkatandika magodoro pande zote, chini ya picha za marehemu wetu. Nikigeukia kulia, mwanao Rewi anakoroma. Nikigeukia kushoto, Bibi ananikodolea macho kwenye fremu kana kwamba bado sijanawa mikono. Huo ndio utulivu?

3. Soda zangu zimetoweka. Pai zangu za nyama zimetoweka. Nikimuuliza Shangazi, anajibu, "Waulize mbwa, wao walishukuru." Sasa nalishwa majani ya mchunga ya kuchemsha mpaka naona aibu kukutana na ng'ombe.

4. Kila asubuhi Rewi ananikokota mtoni. "Mjomba, inuka bwana! Mto haukufuati kitandani!" Nikifika lazima niusalimu, nijitaje jina na ukoo. Mimi mzee mzima, Dada, mto huo unanijua tangu naoga uchi. Juzi nilipogoma, kijana akaniambia, "Sawa, nitauambia mjomba amekufa." Na mto wenyewe, kwa uchafu unaoshuka kutoka mashamba ya huko juu, ni mgonjwa kuliko mimi. Eti wagonjwa wawili tunajuliana hali!

Kwa heshima na taadhima, basi, naiomba kamati yako ifukue kidole changu na kunirudishia. Naomba pia nitambuliwe kuwa ukoo unaojitegemea, wenye mtu mmoja: mwenyekiti mimi, katibu mimi, mpishi mimi. Ukoo huo usitembelewe bila miadi, wala usiimbiwe. Ukistawi, utawajulisha kwa maandishi.

Nisalimie watoto wote, na Shangazi, na wale mbwa walionenepa kwa pai zangu.

Ni mimi, katika upweke ninaoudai,
Hākopa

N.B. Kabla sijafunga bahasha, daktari amepiga simu. Kidonda kimekataa kufunga. Mguu unakatwa Alhamisi, chini ya goti. Mshauri wa ustawi naye ametuma ujumbe, ananitakia utulivu. Dada, utulivu siutaki. Njooni wote, na magari yote. Shangazi aanze kulia tangu getini, maana chumba cha upasuaji kiko mbali na nataka kumsikia. Kidole kiacheni hapohapo, mguu mkauzike kando yake, ili siku yangu ikifika nisihangaike kujitafuta. Rewi aniamshe mapema kesho. Nataka kwenda mtoni nikiwa na miguu miwili. Naogopa, Dada. Usimwambie mtu. La, waambie wote.