Mti wa Mai na Mama Anayeitazama Bahari

Ijumaa, 6 Januari
Kosa la watu wengi mbele ya Mama Quan Am, Mama wa Huruma, ni kumrundikia maombi: mtoto, nyumba, magoti. Mimi nitaomba moja tu. Mti wangu wa mai utoe maua yake ya manjano siku ya kwanza ya Tet, mwaka mpya wetu, wa jirani yangu Khiem usichanue. Tumewekeana ahadi: atakayeshindwa atammiminia mwenzake chai mwaka mzima.

Mke wangu, Nhan, akanikumbusha kwamba leo ni mwezi mpevu, majani ya mai yanyofolewe ili maua yatoke. Nikamwambia kwanza baraka. Nikapanda pikipiki hadi hekalu lake mlimani Son Tra. Sanamu yake ni ndefu, nyeupe, macho baharini kwa wavuvi. Nikamwomba awaache kidogo anisikilize. Nikataja jina, mwaka wa kuzaliwa na anwani, kama inavyopaswa, baraka isipotee njiani.

Jumatatu, 9 Januari
Khiem kakaa kwenye kigoda, ananyofoa majani ya mai wake, moja moja. Nikamtania juu ya ukuta kwamba hana imani. Akajibu kwamba ana vidole.

Jioni Nhan akauliza nilitaja anwani gani. Ya kwenye kitambulisho, nikasema. Yaani nyumba ya zamani. Tuliyomuuzia Khiem.

Sikula.

Jumanne, 10 Januari
Nimerudi Son Tra kusahihisha. Nyani wa mlimani wakaninyang'anya matunda ya sadaka, nikasali mikono mitupu. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, hivyo nilimweleza Mama uchochoro wetu vizuri: ukimpita kinyozi, kushoto, lango la bluu. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, “Mzee, kakusikia. Tupishe na sisi.”

Majani nimeyaacha. Kunyofoa sasa ni kumwonyesha Mama kwamba namtilia shaka.

Jumapili, 22 Januari. Tet
Mai wa Khiem umewaka manjano mpaka barabarani. Wangu ni kijani kitupu, umestawi sana.

“Mwalimu,” akasema Khiem, “huu tuuangalie au tuupike?”

Nikamimina chai. Akanieleza habari za majani, kwa urefu. Nikamkatiza nikamuuliza lini alikwenda kwa Mama mara ya mwisho. Akasema hajaenda miaka mingi, hawezi kupanda pikipiki peke yake.

Kumbe! Bahati yake yote bado haijaguswa. Lazima aimalize kabla ya Tet ijayo. Nimemwambia nitampeleka mwenyewe, aombe kila kitu anachotaka. Karibu alie, akaniita kaka.



Nisisahau: kujaza mafuta pikipiki leo.