Visigino Vyangu na Mashua ya Candelaria

Jumatatu, 26 Januari

Mimi, Teyo, ndiye mchezaji bora wa fandango, ngoma yetu ya visigino, kuanzia kijijini kwetu mpaka mto Papaloapan unapoanzia. Nikipiga kisigino kwenye ubao, kaa hutoka mikokoni wakidhani ni radi. Kiatu changu kimoja kina akili kuliko mwalimu wetu wa hesabu. Ndiyo maana niliacha shule: nilimhurumia.

Leo Mzee Hermilo, mpiga gitaa wetu mkuu, ametangaza kwamba mashua yake ya kwenda mji wa Tlacotalpan, kwenye sikukuu ya Candelaria, imebakiwa na nafasi ya mchezaji mmoja. Atamchagua Ijumaa kwenye fandango yetu ya ufukweni. Maskini wenzangu! Wanajisumbua bure.

Mmoja wao ni binamu yangu Librado. Mpole. Miguu ya kuku. Eti ananiuliza kama naitaka nafasi ya kucheza au ya kusukuma mashua.

Naitaka mpaka meno yananiuma. Candelaria! Fahali wanavushwa mto wakiogelea, sanamu ya Bikira Maria inapitishwa majini boti zote zikiifuata, kila kona ubao wa kuchezea, magitaa hayalali. Tangu nizaliwe naisikia kwa wenzangu tu.

Jumanne, 27 Januari

Nimepigilia vizibo vya soda chini ya viatu. Hatari tupu! Nimevijaribu jikoni. Mama amesema nikitaka kuwa punda, zizi liko nyuma ya nyumba. Wivu.

Nitakayecheza naye ni Nereida, mjukuu wa Mzee. Jamani, msichana huyu! Leo nimemkuta ufukweni akifunga utepe fundo kwa miguu, bila kutazama chini, glasi ya maji kichwani. Halikumwagika tone. Nusura nipige makofi, nikakumbuka kwamba mimi ni bora kuliko yeye.

Akanikumbusha, kana kwamba nimekuja juzi, kwamba mwimbaji akianza ubeti miguu inatulizwa, inasugua ubao polepole, maneno yapate kusikika. Nikamwambia hiyo kanuni ya wenye miguu dhaifu. Akasema, “Haya, bwana radi. Usije ukalia tu.”

Alhamisi, 29 Januari

Upepo wa kaskazini umeamka. Ziwa letu la pwani limechafuka, ndege mwari wamejikunyata juu ya nguzo kama wazee kanisani. Pazuri kwetu hata pakikasirika.

Na kichwa changu kimefanya kazi! Nimemnong'oneza Librado, siri ya kindugu, kwamba kaa wamejaa kule mwisho wa mkondo. Hakuna kaa kule. Kesho atapiga kasia kutwa nzima dhidi ya upepo, arudi fandango imekwisha, mikono imekufa ganzi. Nimecheka peke yangu mpaka mbwa akaondoka.

Ijumaa, 30 Januari, mchana

Karudi. Ndoo zimejaa. Kaa wakubwa kama kofia! Kaa niliowatunga mimi mwenyewe!

Mzee Hermilo kamkumbatia. Kaa wamepikwa na wali wa mchuzi mwepesi, nyanya, pilipili, majani ya kunukia, katika sufuria ambamo mtoto angeweza kuoga. Nilikula kwa hasira. Nikaongeza kwa hasira. Sijawahi kula kitu kitamu vile, na Librado amenishukuru mbele ya kadamnasi kwa kumwelekeza. Nyoka.

Ijumaa hiyo hiyo, jioni

NIMESHINDA!

Jua lilikuwa bado juu, upepo umetulia. Magitaa yakajipanga, kinubi, na taya kavu la punda likikwaruzwa hadi meno yake yakatetemeka. Mzee Hermilo akigusa nyuzi, hata mimi hunyamaza, na hakuna mwingine anayeniweza hivyo.

Librado alitangulia. Vizuri, kama unapenda mvua ya rasharasha.

Kisha mimi na Nereida. Vizibo vikalia! Vumbi likapanda! Katikati Nereida akapunguza mwendo, nikajua amechoka, nikacheza na sehemu yake. Watu wote wakainua mikono na kuishusha, kuishusha, wakinitaka nizidi kugandamiza. Nikagandamiza. Ubao mmoja ulipasuka. Mzee alikuwa anafungua na kufunga mdomo, nadhani kwa mshangao. Nilipomaliza palikuwa kimya kabisa. Heshima.

Nimefunga mkoba.

Jumamosi, 31 Januari

Nimefika gatini na mkoba wangu. Librado yuko ndani ya mashua, kakaa mbele kabisa, kashika gitaa la Mzee kama mtoto mchanga.

Nikamuuliza Mzee kulikoni. Akasema, kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi: “Kijana wangu, jana nilikuuliza. Hukunijibu.” Librado akanisalimia kwa kofia. Nereida akaja kando, akaniambia jambo. Siliandiki.

Wameondoka. Boti imepambwa karatasi za rangi, wanaimba, sauti zinakuja juu ya maji hata baada ya kupotea kwenye mikoko. Nzuri mno. Nimerusha jiwe.

Makosa ni ya upepo. Na ya kaa, walinijaa tumboni. Na ya fundi aliyetengeneza ubao ule.

Jumatatu, 2 Februari

Leo ndiyo Candelaria yenyewe. Nimebaki na mama, tamale, mikate ya mahindi iliyofungwa kwa majani ya mgomba, na mbwa.

Sijalala tu, lakini. Nimepata vyuma vya kwato za farasi. Mwakani navipigilia viatuni, vizibo ni vya watoto. Watanisikia mpaka bandarini Veracruz! Na Librado nitamtuma mbali zaidi, kwenye chaza.

Haya, nimalize, maana hapa hakuna anayesoma. Nereida aliniambia kwamba nilipokuwa napasua ubao, babu yake alikuwa akiimba ubeti, kautunga palepale, na akaurudia ili nipate kuusikia:

Kijana mwenye kishindo,
chomboni pana nafasi;
tuliza kidogo mwendo,
utuitikie basi.

Nafasi ilikuwa yangu. Ufukwe mzima ulisikia, isipokuwa mimi.