Kadi za Bwana Strunk Zinapungua

Jumatatu, 1 Agosti 1988

Siku mbaya, ingawa ilianza kwa sifa. Bwana Strunk, mwenye kampuni yetu ya bima, ameleta ofisini albamu ya kadi zake za utotoni zenye picha za wachezaji wa besiboli. Zitakaa kwenye kabati la kioo wiki nzima ya maonyesho ya kaunti, wateja wazione. Ufunguo amenikabidhi mimi. Alisema mbele ya wote kuwa Wendell ni mwoga, na mwoga havunji kitu. Nilishukuru. Delbert, karani wa meza ya jirani, alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. Kipindi changu cha majaribio kinaisha Ijumaa, na Delbert ana shemeji anayetafuta kazi.

Wakati wa chakula nilifungua albamu. Kutazama tu! Nami nilikuwa nazo utotoni. Mama alizitupa nilipokwenda chuo. Nikatoa ya Lefty Kowalczyk, mrusha mpira, niinuse. Bado inanukia chingamu iliyouzwa nayo. Ghafla mkono begani. Delbert, akiuliza ni nani huyo ninayembusu. Niliruka. Kona ikapinda.

Jumanne, 2 Agosti

Sikulala. Nimefika kabla ya wote, nikasugua kona kwa mgongo wa kijiko. Ikachanua kama ufagio. Nikatulia, nikafikiri kama msomi: kona ikiwa mbovu, iondoe. Nikaipeleka kwenye mashine ya kukatia karatasi na kuinyoa pande zote, unywele tu. Kona kali kama wembe! Nikairudisha kifukoni mwake. Inacheza. Wenzake wote wamejaa vifuko vyao; Kowalczyk peke yake anaelea kama mtoto aliyevaa koti la babake.

Kila kiatu kikilia koridoni naifunga albamu.

Jumatano, 3 Agosti

Nimepata! Mfupi haonekani mfupi akisimama na wafupi. Nimenyoa kadi zote za ukurasa wake. Kumbe ukurasa wa pili ukaonekana mkubwa kupita kiasi. Nikaunyoa. Basi wa tatu nao ukaanza kujidai. Niliposhtuka, albamu ilikuwa imekwisha.

Delbert ameona vijipande vya rangi kwenye ndoo ya taka. Akauliza vitarushwa kwenye harusi ya nani. Nikasema ya dada yangu. Sina dada. Sasa anataka mwaliko.

Alhamisi, 4 Agosti

Bwana Strunk hakuona kitu. Zaidi ya hapo, amezisifu kona! Alisema hazikuwa kali hivyo hata siku alipozitoa kwenye pakiti. Nusura nimkumbatie.

Halafu akafunga mlango. Kesho anakuja kaka yake, Merle, kutoka Toledo. Walipokuwa wadogo walikuwa na mkusanyo mmoja. Baada ya kumzika mama yao waligombana, wakaugawana, kila mtu akaenda na nusu yake. Hawajasemezana tena. Sasa Merle analeta nusu yake ili kadi zilale pamoja kama zamani. Bwana Strunk alipenga kamasi, akaniambia, “Kijana, wewe hujui ndugu ni nini.”

Kadi za Merle hazijanyolewa. Nikajifungia chooni hadi mtu akabisha hodi na kuuliza kama nimehamia humo.

Ijumaa, 5 Agosti

Merle ni jitu la mtu, na kadi zake huzitunza kwenye boksi la viatu. Walikumbatiana. Walilia. Walikula pai ya cheri mezani kwangu. Kisha wakamweka Kowalczyk ubavuni mwa mdakaji wa mipira yake, aliyekaa Toledo miaka yote hiyo.

Mdakaji alimpita Kowalczyk kila upande.

Merle akamgeukia mdogo wake, “Orville, umekata.” Bwana Strunk akaapa kwa kaburi la mama yao kuwa hajakata, za Merle ndizo zilizovimba, kwani nani alimtuma aishi kando ya ziwa kwenye unyevu? Merle akajibu kwamba kilichovimba hapo ni kichwa cha mdogo wake, na kimevimba tangu shule ya msingi.

Nikasikia sauti nyembamba ikieleza kuwa unyevu huvimbisha karatasi, jambo hilo linajulikana chuoni. Ilikuwa yangu! Bwana Strunk akanishika mkono, akatangaza papo hapo kwamba nimethibitishwa kazini. Delbert aliitazama mashine ya kukatia karatasi, kisha akanitazama mimi. Akauliza tu harusi ya dada ni lini.

Merle aliondoka bila kuaga. Jumatatu atarudi na mfanyabiashara wa kadi kutoka Columbus, mwenye rula. Boksi lake limebaki kabatini kama ushahidi. Asipopata haki yake, alisema, hana ndugu tena. Ufunguo? Ninao mimi. Mwoga havunji kitu.

Jumamosi, 6 Agosti

Ofisi imefungwa. Nimekuja peke yangu. Njiani nilikuwa nimeazimia kwa dhati kumpigia Bwana Strunk simu na kusema kweli, ili ndugu wapatane. Nilishika simu. Nikamwona akilini akinitazama, nikairudisha.

Ndipo sayansi ikanijia. Hapa Dayton hakuna ziwa. Kadi za Merle zimekaa kabatini, zimekauka, kilichokauka hupungua. Rula itasema nini? Ndugu watapatana, nami nitabaki kazini.

Nimeanza kunyoa ile ya juu katika boksi lake. Imekwenda upande kidogo, ikawa ndogo kuliko hata za Bwana Strunk. Si kitu. Nitazipunguza nyingine zilingane nayo.

Kisha za Bwana Strunk, tena.