Pengo Baina ya Tabaka Mbili

Jumatatu, 10 Februari
Mwaka wa pili huu namwashia tanuri Bi Saadiya, mtafiti wa maabara yetu, na bado hajui kama chai nanywa bila ya sukari. Kazi yake ni kulaza oksidi ya zinki juu ya oksidi ya titani, tabaka nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Anasema pale zinapogusana, baadhi ya atomi za oksijeni hukosekana. Mapengo! Leo kaniambia yanamkosesha usingizi. Maskini. Nshapata njia ya kumtuliza. Na ya kumpiku Mahfoudh, mtafiti mwenzake, anayemchekesha kila asubuhi.

Jumanne, 11
Wote wawili hawakuja kazini. Fursa! Nimefungulia oksijeni ndani ya tanuri kwa muda wa saa nne badala ya saa moja. Mapengo yote kwisha. Nauona uso wake atakapojua.

Jumatano, 12
Umeme haupiti kwenye tabaka! Miezi miwili ya kazi yake. Akasema taratibu, "Silima, mapengo hayo ndiyo yanayopitisha umeme. Nilikuwa nayahesabu." Bora angenigombeza. Nikaona machozi, nikababaika, nikasema bomba alifungulia Mahfoudh. Akanitazama. Jana Mahfoudh alikuwa mkutanoni Kendwa. Saadiya anajua. Walikwenda gari moja.

Alhamisi, 13
Nimekiri. Nimeomba radhi. Kanisamehe! Mimi nisingejisamehe. Kaniita mezani kwake, kanionesha picha kwenye kompyuta: safu za atomi, moja haipo, za jirani zimehama kidogo mahala pake. "Ikikosekana moja tu," akasema, "majirani wote hawatulii." Bega lake lilikuwa hapa, langu hapa. Sikupumua. Nimeteremka daladala mbali na kwetu Kikwajuni makusudi, nitembee na maneno yale.

Jumanne, 18
Nimekosekana! Siku ya pili siendi kazini. Dada yangu Mwatima nimemwambia aseme naumwa. Acha majirani wasitulie. Asubuhi nzima nimeikodolea simu macho. Saa tano ikalia. Saadiya! Sauti imejaa wasiwasi. Kanipa pole, kauliza ufunguo wa tanuri nimeuweka wapi. Nikamwelekeza. Akashukuru, akasema nisiwe na haraka ya kurudi, Mahfoudh atawasha.

Nisiwe na haraka! Hata afya yangu anaifikiria. Dawa inafanya kazi. Naongeza wiki.