Bunduki ya Babu, Nambari 4471

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimenunua bunduki. Martini ya vita vya zamani, au tuseme mjukuu wake: imetengenezwa mwaka jana katika karakana moja huko India, haina risasi wala haijawahi kuiona. Ukivuta mkono wa chini unasikia tak. Ukibana kidole unasikia tak nyengine. Basi. Muuzaji wa Matrah kanambia wazi kuwa ni kopi. Nimempenda kwa ukweli wake. Nikamwomba asimwambie mtu. Kasema wateja wake wote humwomba hivyo hivyo.

Sababu nnaiandika mara moja tu. Miaka ishirini sasa nnaeleza barazani kuwa bunduki ya marehemu babu yangu ilirudi nasi kutoka Unguja ndani ya sanduku la mvule. Sanduku lipo. Lilikuja na masufuria. Sasa mwanangu Bashayer anaolewa Alhamisi ya wiki ijayo, na ada ya ukoo wetu ni kuwa safu ya wanaume wa upande wa bibi harusi huongozwa na mwenye bunduki ya mababu. Anairusha juu, anaidaka, anavuta mtambo, tak, ndipo wageni waingie. Nisipokuwa na bunduki ataongoza Jaifar, mtoto wa ami yangu, mwenye Martini yake, na hachoki kuitaja. Mimi, Yaarub, baba wa bibi harusi, nitembee nyuma ya Jaifar? Sikubali.

Chuma kimepigwa nambari: 4471. Nimeihifadhi kwa moyo. Mtu akiuliza, nambari ninayo. Kopi itakuwaje na nambari?

Jumanne, 7 Oktoba

Inang'ara mno. Kwenye shaba yake mtu anaweza kunyolea ndevu.

Hili ni balaa, kwa sababu babu wa bwana harusi ni Mzee Yaqdhan wa Qurayyat. Anasifika kwa silaha za kale, eti hupapasa bunduki gizani akataja mwaka wake. Na wale ni Waarabu wa hapa hapa tangu na tangu. Sisi tuliorudi kutoka Unguja wanatuona wageni wa juzi. Akijua kuwa baba wa bibi harusi kaja na bunduki ya dukani, Bashayer atasimangwa mpaka awe bibi.

Nimeichovya katika chai ya rangi. Nimeisugua kwa ndimu. Nimeizika bustanini na chumvi ya mawe, chini ya mawaridi. Mke wangu Masouda kauliza nazika nini. Nimemwambia mbolea. Kasema mbolea yangu ina mkanda wa ngozi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeifukua. Nakabugo, dada wa Uganda anayetusaidia kazi za nyumbani, alikuwa akimwagilia mawaridi asubuhi na jioni, kwa bidii kubwa. Bunduki imezeeka miaka mia na arobaini kwa siku mbili. Uzuri wake nimeutazama mpaka chai ikapoa.

Ila mkono wa chini haufunguki. Nimeuvuta. Nimeukanyaga. Nimemwomba Masouda ashike mtutu, mimi nivute kitako. Tumeanguka wote wawili, yeye upande wa mawaridi. Kasema maneno ambayo sijayasikia tangu tulipooana.

Bashayer karudi kutoka kazini akatukuta chini. Kasema baba, sema tu ni kopi, nani atajali. Nikamweleza habari ya heshima ya ukoo kwa muda wa kutosha. Mwisho kasema haya, fanya utakalo, lakini usiniaibishe mbele ya wakwe. Kanibusu kichwani akaenda zake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya sala nimeifungua bunduki nzima juu ya mkeka uani. Vyuma kumi na tisa. Nimevisugua kutu, kimoja kimoja. Nimevirudisha. Imebaki springi moja. Nadhani ilikuwa ya akiba.

Bado nzito. Nakabugo kashauri mafuta ya cherehani. Nimemjibu kuwa mafuta ya cherehani ni ya cherehani. Kisha nikamkumbuka bibi yangu wa Malindi, kule Unguja. Bawaba za mlango, baiskeli ya ami, kufuli la duka, magoti yake mwenyewe: vyote mafuta ya nazi. Nimemimina chupa nzima.

Tak! Tak, tak, tak! Nimevuta mara sitini uani, juani, nyuzi thelathini na nane, bila kuchoka. Jirani kachungulia ukutani akauliza kama kuna mtu anagonga misumari. Furaha niliyonayo siwezi kuieleza. Bibi, Mungu akurehemu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Jaifar kaja kunitembelea, na bunduki yake begani, eti anapita tu. Ameifunga kitambaa cha kijani penye chuma, na kitambaa hicho hakifungui mbele ya mtu. Husema pana jeraha la vita.

Yangu ilikuwa sebuleni tangu asubuhi, juu ya kochi, chini ya kiyoyozi. Nikaishika. Nikampa Jaifar historia yake yote, pamoja na nambari. Hapo Jaifar akakohoa, akataka maji. Nikavuta mtambo.

Kimya. Nikavuta tena. Ukawa kama umetiwa saruji.

Jaifar kasema pole, imechoka, ina umri. Akavuta yake. Tak. Akanywa kahawa yangu, akala tende zangu saba, akaondoka akipiga mluzi.

Nikatoka nayo uani ili nikasirike vizuri. Baada ya nusu saa, tak. Nikarudi nayo sebuleni mbio. Tak. Tak. T... kimya. Sasa nimeelewa. Ni kijicho cha Jaifar.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimefanya uchunguzi wa kitaalamu, na karatasi mkononi. Uani: inavutika. Sebuleni: hapana. Jikoni: inavutika. Chumbani: hapana. Nimetafakari sana. Sebuleni kuna zulia, chumbani kuna zulia, jikoni hakuna. Nimeyatoa mazulia yote nje. Bado.

Nakabugo ndiye aliyeyatoa, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuuliza. Nimemweleza. Akaenda chumbani kwake akarudi na chupa yake ya mafuta ya nywele. Ya nazi. Meupe, yameganda kabisa, ukiipindua chupa hayatoki. Akaiweka dirishani juani. Tukasimama tukaitazama. Yakawa maji. Akanambia kwa upole: Baba, bunduki yako ni nzima, ni mafuta yanasikia baridi.

Nimekaa kwenye sakafu tupu. Bibi hakunambia. Lakini bibi kule Malindi hakuwa na kiyoyozi.

Masouda kasema basi nipanguse, nitie mafuta ya cherehani, kazi ya dakika kumi. Kazi ya dakika kumi! Nimeshapata njia bora. Ukumbi wa harusi una kiyoyozi. Kitazimwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimekwenda Sib, ukumbini. Nimemwambia msimamizi, kwa sauti ya huzuni, kuwa Mzee Yaqdhan ana maradhi ya kifua na ubaridi utammaliza. Msimamizi kaguswa. Kaahidi hata feni haitazunguka.

Jioni mazoezi ya kurusha, uani. Nimerusha mara nne, nimedaka mara tatu. Ya nne imedakwa na dishi la televisheni. Masouda haoni tamthilia yake wala hasemi nami. Nimeshamwomba msamaha mara mbili, mara moja kwa Kiarabu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Harusi ilikuwa jana baada ya alasiri. Nnaandika kwa utaratibu.

Ukumbi ulikuwa na joto la hamamu. Wanaume mia mbili na vilemba vyao, wanatota. Halua imelegea kwenye sahani. Rangi ya masharubu ya Jaifar imeanza safari ya kidevuni. Mzee Yaqdhan akafika mlangoni na watu wake, bunduki yake begani, akauliza nani kaua kiyoyozi. Msimamizi akamjibu mbele ya wote: ni kwa ajili yako, mzee, kwa kifua chako. Mzee akasema kifua chake ni kizima, ila sasa anakitilia shaka.

Ngoma ikalia. Nikatoka mbele ya safu. Mbele ya Jaifar! Wanawake walikuwa upande wao wakitutazama kwenye skrini, na Bashayer katikati yao kavaa kijani. Nilitamani babu angeniona. Sikutazama chini, kwa hiyo sikuona kuwa mafuta yameyeyuka yote, yanachuruzika kwenye kanzu yangu nyeupe, kwenye viganja, mpaka viwiko.

Nikarusha.

Haikwenda juu. Ilinichoropoka ikaenda mbele. Mzee Yaqdhan, miaka themanini na tatu, akanyanyua mkono mmoja akaidaka.

Ngoma ikanyamaza. Mzee akaipapasa. Akainusa. Akanitazama, akainusa tena. Kisha akainamia chuma akasoma nambari. Nilimwona Bashayer akisimangwa miaka hamsini mbele, na sababu ni mimi. Nilitaka kusema kweli pale pale, wallahi, ila Mzee akaniwahi.

Mzee akavuta mkono wa chini. Tak. Ukumbi mzima ulisikia. Akainua bunduki yangu juu akatangaza kwa Kiarabu kizito cha watu wake kuwa silaha hii anaijua kama anavyoijua yake mwenyewe. Akanishika mkono tukaingia pamoja. Vigelegele vya wanawake vikapenya ukutani. Jaifar akaja mbio eti aone nambari. Mzee akaifunika kwa kiganja. Jaifar naye akakibana kitambaa chake cha kijani. Masikini, kumbe yake haina hata nambari.

Kwenye wali Mzee akaniinamia sikioni. Kiswahili! Cha Pemba, cha Wete khasa. Akaniuliza kama nimeipaka mafuta ya nazi. Yake nayo, mwaka wa kwanza, iliganda ndani ya gari, akaambiwa ni kijicho cha watu. Kisha akaigeuza bunduki yake magotini, polepole, chini ya kitambaa cha meza. 4471.

Akasema Qurayyat hawajui kuwa kazaliwa Wete. Nimfichie, naye anifichie. Tulicheka mpaka akapaliwa, na msimamizi akaja mbio kuulizia kifua.

Kabla hajaondoka na mumewe, Bashayer alinikumbatia, mafuta na vyote. Kasema aliiona bunduki ikiruka kwenye skrini na sura yangu nyuma yake, akacheka mpaka ikabidi wanja upakwe upya. Kisha akalia kidogo. Nami nikalia kidogo. Kauliza Mzee alininong'oneza nini. Nimemwambia mambo ya kitaalamu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Jaifar anamwoza mwanawe mwezi wa Disemba. Kasema safari hii atakayeongoza ni mwenye upanga.

Nimekwenda Matrah. Muuzaji yule yule, mkweli vile vile. Upanga mzuri sana, wa mwaka huu. Barazani nimeshawaeleza kuwa ni wa kaka yake babu, ulikuwa chini ya masufuria, hatukuuona. Una nambari: 12.

Jana usiku niliupaka mafuta ya nazi, chupa mbili, nikaulaza chumbani. Leo hautoki kwenye ala. Masouda kaiweka chupa ya mafuta ya cherehani mbele yangu, akatoka.

Nimeanza uchunguzi. Nnashuku mapazia.