Pingamizi la Ndoa Dhidi ya Mchawi wa Kiwango cha Sabini na Moja

Stephen Mabonga,
Yamumbi, Eldoret.

Kwa Mzee Gerishon Gikonyo,
Mwenyekiti wa Kamati ya Wazee,
Kanisa la Nuru ya Mlimani, Yamumbi.

Mzee wangu Gerishon,

YAH: KUSIMAMISHWA KWA NDOA YANGU NA MUTHONI

Nakusalimu kwa heshima zote, nikijua kwamba wewe si mtu wa kusoma barua ndefu. Hii ni ndefu. Nivumilie tu, maana kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake.

Jumapili iliyopita tangazo la ndoa yetu lilisomwa kwa mara ya tatu na ya mwisho. Mhubiri akauliza, kama ilivyo desturi, ikiwa kuna mtu anayejua sababu ya kuizuia. Kwetu swali hilo huulizwa jinsi mtu anavyouliza nani amesahau mwavuli: watu hukohoa kidogo, ibada inaendelea. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Ndipo Mama Waiyego, kiongozi wa akina mama, akasimama, akakaza kitambaa chake cha kichwa, akasema, "Mimi niko na pingamizi. Huyu Mabonga ni mchawi. Nimemwona na hii macho yangu mbili akiwa kazini."

Kamati yako ilijifungia ofisini dakika kumi, ikatoka na uamuzi kwamba harusi isimame hadi jambo lichunguzwe. Mzee, nampenda Muthoni. Naliandika hilo hapa mapema lisije likapotea katikati ya mengine. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ni kweli kwamba mimi ni mchawi. Sitaki kuianza barua kwa uongo. Kuna mchezo wa kompyuta ambao watu wa dunia nzima huucheza pamoja kupitia mtandao, na ukijiunga unatakiwa uchague kazi yako: mpiganaji wa panga, mpiga mishale, mwizi au mchawi. Nilichagua mchawi kwa sababu ndiye pekee anayeweza kuwaponya wenzake. Leo, baada ya miaka minne, niko kiwango cha sabini na moja. Uchawi huu sikuurithi kwa nyanya yangu kule Kimilili, kama wanavyonong'ona wale wanaoamini kwamba kila mtu wa magharibi ametoka kwao na kitu mfukoni. Niliupata kwa bidii, na cheti ninacho.

2. Mama Waiyego alikuja kwangu Jumamosi alasiri kuleta orodha ya kamati ya harusi. Alinikuta nimevaa hedifoni, nimeupa mlango mgongo, nikisema kwa sauti kubwa, "Nimechoma wanne, amebaki Shitanda!" Shitanda ni huyu huyu unayemjua, wa sauti ya besi kwenye kwaya. Naye hucheza, ila yuko upande wa maadui. Alasiri hiyo nilimuua mara tatu, na jioni alikuja mazoezini akaimba vizuri kuliko wiki zote. Naomba kamati imwite awe shahidi, na imkague kama ana mahali palipoungua.

3. Githinji. Hapa naomba unisikilize kwa makini. Githinji anacheza mchezo ule ule, katika kundi langu. Yeye ni mpiganaji wa panga, na kwa hesabu ambayo mchezo wenyewe humwonyesha kila mtu, ameshaua watu na majitu elfu kumi na nne. Githinji ndiye shemasi wetu. Anakaa Elgon View, huchezea kwenye televisheni kubwa kama mlango wa gereji, na wazee mlipomtembelea mlisema ni vizuri kijana awe na kitu cha kupumzisha akili. Kumbe mchezo ukichezewa Elgon View ni mapumziko, ukiteremka Yamumbi unakuwa uchawi. Aliyeua elfu kumi na nne anagawa mkate wa meza ya Bwana, na mimi niliyekuwa nikimponya kila alipokatwa nimekatazwa kuoa. Bila mimi, Mzee, shemasi wenu angekuwa marehemu tangu mwaka juzi.

4. Mafuta. Jumanne mlikuja wazee watatu kuiombea nyumba yangu. Niliwakaribisha, nikawapikia chai, na mlipoiombea kompyuta niliitikia amina. Lakini kompyuta haipakwi mafuta kwa kumiminiwa. Vibonye vya A, S na D vimekufa, na ndiyo maana barua hii naiandika kwa mkono. Vibonye hivyo ndivyo vya kumgeuza mchawi kushoto, kulia na kumrudisha nyuma. Cha kwenda mbele kilipona. Sasa mchawi wangu anaweza kuendelea mbele tu hadi agonge ukuta, jambo ambalo huenda kamati inalihesabu kuwa ukuaji wa kiroho.

5. Tangu Jumapili nimeongezewa mashtaka. Nimesikia kwamba mvua ya mawe iliyolaza mahindi yako ni yangu. Mzee, mimi nilisomea uponyaji na moto kidogo. Barafu ni mkondo mwingine kabisa, na anayeusoma huanza tangu kiwango cha kwanza. Hata ningekuwa nao, uchawi wangu haufiki zaidi ya mita thelathini, na shamba lako liko ng'ambo ya barabara. Nimesikia pia kwamba maziwa ya Mama Waiyego yameganda. Mchawi wa kiwango changu hahangaiki na maziwa. Hilo limeniuma kuliko yote.

6. Ili tuumalize ubishi, napendekeza jaribio la wazi. Jumapili ijayo, baada ya matangazo, mimi nisimame mbele na wewe uketi kwenye kiti cha kwanza. Nitakutupia moto wa daraja la juu kwa dakika tatu kamili. Ukibaki mzima, tangazo la ndoa lisomwe upya. Ukiungua nitakuponya papo hapo, kwa hivyo sioni hasara kwa upande wowote.

7. Nikishinda jaribio hilo, sitaishia kudai harusi tu. Kanisa letu lina mpiga kinanda, lina mlinzi wa magari, na lina mama wa kupima urefu wa sketi mlangoni. Halina mchawi. Niko tayari kuishika nafasi hiyo kwa kujitolea, na naomba kwenye cheti cha ndoa, pale penye kazi ya bwana harusi, paandikwe "karani na mchawi" bila kuficha. Hii si kazi ya kuonea haya. Mponyaji hana muda wa kujitazama mwenyewe. Macho yake yako kwa wenzake wakati wote; nguvu za mtu zikipungua hata kidogo, awe Brazil au Poland, mimi huziona kabla hajaniita. Muthoni angeolewa na nani mwingine mwenye moyo wa namna hiyo?

Natumaini kamati italitazama jambo hili kwa hekima. Nisalimie Mama nyumbani, wanakwaya wote na besi yao, Githinji na panga lake, na Mama Waiyego pia, maana simchukii, pamoja na ng'ombe wake.

Ni mimi mshirika wako, niliyekwamia katikati ya kanisa na madhabahu,

Stephen Mabonga.

Tanbihi: Muthoni amepita hapa kabla sijaifunga bahasha, akaisoma barua yote amesimama. Nilidhani angecheka pale pa mafuta. Hakucheka. Ameniambia kwamba Mama Waiyego aliombwa asimame, na aliyemwomba ni yeye Muthoni. Hakuweza kusimama mwenyewe mbele ya wazazi wake waliotoka Timboroa. Uchawi Mama Waiyego aliuongeza tu, kwa kuona sababu aliyopewa ni ndogo, watu hawangeisikia.

Sababu yenyewe nainakili kama alivyoisema: "Mabonga, mimi siogopi mchawi. Mwezi wa sita nililazwa na nimonia siku nne. Wewe ulikuja siku ya tatu. Nikakuuliza ulikuwa wapi, ukaniambia kuna mtu wa Brazil alikuwa anakufa, hungemwacha."

Ni kweli nilisema hivyo, na nilisema kwa kujivunia. Jina la yule mtu wa Brazil sijawahi kulijua. Nimeona aibu, Mzee.

Kwa hivyo nayaondoa malalamiko yangu yote, isipokuwa lile la Githinji. Tangazo msilisome kwanza. Muthoni hajaenda, ameketi nje kwenye benchi. Naenda kumuuliza siku ya kwanza na ya pili zilikuwaje.